Istilahi ni Suluhu: Mizani ya Maneno Tusiwaachie Watahiniwa Peke Yao



Kuna maneno ambayo kijana wa sekondari huyameza usiku wa kuamkia mtihani kama mgonjwa amezavyo vidonge: istiari, tashbihi, tashihisi, taashira, takriri, tabaini, tafsida, kinaya. Huyameza, akayatapika juu ya karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, ambayo ndiyo karatasi ya fasihi, kisha akaenda zake. Mwulize mwaka wa pili yake neno moja katika hayo, atakutazama kama uliyemsemesha kwa lugha ya majini. Na yule aliyepata alama zote kwa kueleza tafsida ni nini, kesho yake husimama kwenye mkutano wa hadhara akamiminiwa tafsida masikioni mchana kutwa, akapiga makofi, asijue alichopakwa.

Maneno haya ndiyo tuyaitayo istilahi za fasihi na balagha, na leo nataka tuyazungumze kwa makini. Wakati wenyewe umetulazimisha. Mnamo Januari 2026 darasa la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10, yaani sekondari ya juu, na katika njia ya masomo ya Sayansi za Jamii, Fasihi ya Kiswahili imewekwa kuwa somo la kujitegemea analoweza mwanafunzi kulichagua. Hilo si jambo dogo. Katika mfumo wa 8-4-4 fasihi ililala chumba kimoja na lugha, ikipewa kona yake ya karatasi moja. Sasa imepewa chumba chake. Lakini chumba kipya chenye vyombo vibovu hakimfai mpangaji. Ikiwa miaka mitatu ya somo hili itakuwa ni miaka mitatu ya kumeza vidonge vile vile, basi tutakuwa tumebadilisha mlango tu.

JINA LENYEWE LASEMA

Tuanze na neno istilahi. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya skuli, tukakariri juzuu kisha tukapelekwa darsani kusoma sarufi ya Kiarabu, tulifundishwa kulitazama neno kama mtu atazamavyo mti: si matawi tu, bali na mzizi. Mzizi wa istilahi ndio uliotupa neno suluhu. Istilahi basi ni mapatano. Wenye fani wamekaa pamoja, wakasuluhishana, wakasema: jambo hili tuliite jina hili, na kila alisemapo mmoja wetu, wengine waelewe hilo hilo wala si jingine. Pasipokuwa na mapatano, hapana istilahi. Kuna maneno matupu yanayorandaranda.

Balagha nayo je? Mzizi wake ni kufika. Ndugu yake ni neno tulijualo sote, kubaleghe, yaani kufika umri wa utu uzima. Maneno yenye balagha ni maneno yaliyofika: yametoka kinywani mwa msemaji, yakavuka, yakatua moyoni mwa msikizi. Na fasihi, neno tulilolipa kazi ya kubeba tanzu zote za sanaa ya lugha, latokana na ufasaha, yaani usemi ulio safi na wazi. Wanazuoni wa kale waliviunganisha viwili hivi. Al-Qazwini, aliyefariki mwaka 1338, aliieleza balagha kuwa ni usemi unaolingana na hali inayosemewa, pamoja na kuwa fasaha. Maana yake, si kila neno zuri ni la balagha. Maneno ya harusini yakisemwa matangani, hata yawe na vina vya dhahabu, hayana balagha.

Elimu hii ina umri mkubwa. Ibn al-Mu'tazz, mwana wa ukoo wa Bani Abbas na mshairi, aliandika kitabu chake kuhusu mapambo ya usemi mwaka 274 Hijria, sawa na 887 Miladia. Baada yake akaja Abd al-Qahir al-Jurjani, aliyefariki mwaka 471 Hijria, akachimba zaidi: kwa nini usemi mmoja huutikisa moyo na mwingine, wenye maana ile ile, hupita kama upepo? Katika kutafuta jawabu alizingatia sana aya ya Surat Maryam inayosimulia dua ya Nabii Zakaria, ambamo kuenea kwa mvi kumepewa sura ya moto ushikao kichwa kizima. Akaonyesha kwamba uzuri hauko katika neno moja la moto pekee, bali katika namna maneno yalivyopangwa yakashikana. Waliokuja nyuma waliigawa elimu hii mafungu matatu: maani, inayochunguza jinsi sentensi inavyolingana na hali, bayani, inayochunguza mifano, istiari na kinaya, na badii, inayochunguza mapambo.

Lakini msidhani Mswahili alikaa akingoja jahazi kutoka Arabuni ndipo ajue kunena. Tuna istilahi zetu wenyewe, nazo zimeiva. Fumbo lafumbwa na kufumbuliwa. Kijembe hukata bila kishindo. Na chuku, yaani kuyakuza mambo kupita kiasi, ni jina la pembe ile ya kuumikia: huwekwa mwilini, ikavuta, nyama ikafura. Mpiga chuku naye hulivuta jambo dogo likafura. Hebu niambieni, ni istilahi gani katika lugha za Ulaya ielezayo kazi yake kwa uwazi kama huo? Na mama zetu wanaochagua leso kwa jina lake kabla ya rangi yake, wakaivaa mbele ya aliyekusudiwa, hao ni wanabalagha ambao hawakuingia darasa lolote.

MAPATANO YAMEVUNJIKA

Sasa tutazame hali ilivyo. Chukueni neno kinaya. Katika vitabu vya balagha ya Kiarabu, kinaya ni kutaja jambo ukakusudia jingine linalofuatana nalo. Mfano maarufu ni kumwita mtu mwenye majivu mengi. Majivu mengi yana maana moto mwingi, moto mwingi una maana mapishi mengi, na mapishi mengi ni wageni wengi. Basi mtu huyo ni karimu. Sisi nasi twasema fulani ana mkono wa birika, tukakusudia kuwa ni bahili. Lakini fungua kitabu cha fasihi cha skuli zetu za Kenya, utaambiwa kinaya ni mambo kwenda kinyume na yalivyotarajiwa, mathalani kituo cha zimamoto kuteketea kwa moto. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kijana mmoja wa jamaa zangu, anayesoma darsa jioni na skuli mchana, aliulizwa maana ya kinaya kwenye mtihani wa muhula. Akaeleza ile ya majivu. Akapewa sufuri. Mwalimu wake hakudhulumu, kwani mwongozo wa kusahihisha umeandikwa hivyo. Kijana naye hakukosa, kwani elimu aliyoitoa ina miaka elfu. Aliyekosekana ni msuluhishi.

Chukueni majazi. Asili yake ni kuvuka, yaani neno kuvuka mpaka wa maana yake ya hakika na kuingia maana nyingine. Ndilo paa lililofunika istiari na jamaa zake wote. Katika vitabu vyetu vya skuli neno hili limepunguzwa likawa ni mhusika kupewa jina linaloafikiana na tabia zake, kama mchoyo kuitwa Bwana Kabana. Paa limekuwa kigae. Chukueni tashtiti: kitabu hiki chasema ni kuuliza swali ambalo jibu lake lajulikana, kile chasema ni kejeli. Chukueni istiari yenyewe: kwetu ni istiari au istiara, wenzetu wa Tanzania huandika sitiari, na pembeni yake hapa Kenya pamekaa jazanda, ambayo wengine husema ni istiari hiyo hiyo na wengine husema ni picha tu.

Hata ushairi, ambao ni mali yetu ya urithi, haukusalimika. Mwanafunzi huambiwa takhmisa ni shairi la mishororo mitano kila ubeti, basi yakaishia hapo. Lakini takhmisa kwa asili ni adabu ya mshairi kwa mshairi: unatwaa beti za aliyekutangulia, kila beti yenye vipande viwili unaitangulizia vipande vyako vitatu vinavyochukuana nayo, vikawa vitano. Hivyo ndivyo ilivyofanywa Takhmisa ya Liongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, ambaye aliyafuma maneno yake juu ya utungo wa kale unaohusishwa na Fumo Liongo. Hesabu ya tano imebaki, adabu imepotea. Mwanafunzi anajua idadi ya mishororo, hajui kwamba ameshikishwa mkono wa mtu aliyekufa zamani.

Lugha hukua, na neno likihama nyumba si lazima lirudishwe kwa nguvu. Sisemi skuli ziache maana zake zifuate za madarsani. Nasema hivi: neno likihama, aliyehama naye atoe habari. Kitabu kikisema kinaya ni mambo kwenda kinyume, kiongeze mstari mmoja kwamba katika balagha ya Kiarabu neno hili lina maana nyingine, na hii hapa. Mstari mmoja huo ungemwokoa yule kijana.

ISTIARI NA KITENZI CHAKE

Huenda msomaji akauliza: haya yote yatupatia unga? Yatupatia zaidi ya unga, nami nitaonyesha kwa mambo tuliyoyashuhudia.

Istiari, kwa mzizi wake, ni kuazima. Wagiriki, na Aristotle miongoni mwao, waliipa jina lenye maana ya kubeba kitu kutoka pahali kwenda pahali. Waarabu wakaiona ni kuazima, nami naona jina hili lina hekima zaidi, kwani azima ina sheria. Ukiazima sufuria ya jirani, wajulikana mwenyewe ni nani, wajulikana umeitwalia nini, na wajulikana itarudi. Nikisema simba wetu ameingia bungeni, nimemwazima simba ushujaa wake. Mkia na manyoya nimemwachia mwenyewe.

Lakini kuna istiari zinazoazimwa zisirudishwe. Mnamo Aprili 2022, uchaguzi ukikaribia, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, ilitangaza orodha ya maneno iliyoyaona kuwa ya chuki. Miongoni mwayo yalikuwamo madoadoa, kwekwe na mende. Yatazameni kwa jicho la balagha. Kila moja ni istiari, na kila moja limemwazimia binadamu jina la kisicho binadamu. Tena, na hapa ndipo penye siri, kila istiari huja na kitenzi chake mfukoni. Doa hufanywa nini? Hufutwa. Kwekwe je? Hung'olewa. Mende? Hukanyagwa. Msemaji hana haja ya kukitamka kitenzi hicho. Amekuachia wewe msikizi ukimalize mwenyewe, na ukikimaliza, mkono wako ndio ulio na damu, wake uko safi.

Neno madoadoa lilikuwa likinenwa katika baadhi ya sehemu za nchi hii tangu miaka ya vurugu za 1990, nayo mauaji yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliwaua Wakenya zaidi ya 1,000. Kule Rwanda mwaka 1994, Watutsi waliitwa mende kwenye redio kabla ya mapanga na katika siku za mapanga. Sisemi istiari peke yake iliua. Walioua ni watu, na walikuwa na siasa zao, ardhi zao na hofu zao. Nasema istiari iliwarahisishia kazi, kwani ni vigumu kumwua jirani, lakini kumkanyaga mende ni jambo la mara moja.

Basi kijana aliyefundishwa istiari vizuri, akisikia mtu ameitwa doa, jambo la kwanza atakalojiuliza ni hili: kitenzi chake ni kipi? Hilo ni swali la fasihi. Hilo pia ni swali la kuokoa roho.

TAFSIDA: STARA NA UDANGANYIFU

Ama tafsida ni kulisema jambo zito au la aibu kwa maneno mepesi. Kwetu pwani hiyo ni sehemu ya malezi. Hatusemi fulani kafa, twasema ametangulia mbele ya haki. Hatusemi aenda chooni, twasema aenda msalani. Tafsida ya namna hii ni stara, nayo humlinda anayesemewa.

Lakini kuna tafsida ya pili inayomlinda anayesema. Tutwae mfano wa sheria. Mswada wa Fedha wa mwaka 2023 ulipoletwa, makato ya nyumba za bei nafuu yaliitwa mchango, kwa kiwango cha asilimia 3 ya mshahara. Mswahili anajua mchango ni nini. Mchango ni wa harusi, wa matanga, wa kujenga msikiti. Hutolewa kwa hiari, na asiyetoa hafungwi. Wananchi wakalalamika, mabishano yakawa makubwa, na sheria ilipopita neno lilikuwa limegeuka kuwa tozo, asilimia 1.5 kutoka kwa mwajiriwa na asilimia 1.5 kutoka kwa mwajiri. Tazameni vitenzi vyake: mchango hutolewa, tozo hutozwa. Safari hii lugha ilisogea karibu na hakika, nalo lilitokea kwa kuwa watu walilikataa jina.

Novemba 2023 Mahakama Kuu iliamua kuwa tozo hiyo ilikwenda kinyume cha katiba, na mojawapo ya sababu ilikuwa kuwabagua waajiriwa rasmi kwa kuwatoza wao peke yao. Machi 2024 sheria mpya ikapitishwa, ikiwatia na wasio na ajira rasmi. Kama nyumba hizo zafaa au hazifai, si kazi ya ukurasa huu kuamua. Wako wanaozitaka kwa dhati, na wako wanaozipinga kwa hoja. Kazi ya ukurasa huu ni kuonyesha kwamba kuna siku Wakenya walibishana juu ya neno moja, na ubishi ule haukuwa mchezo wa maneno. Aliyejua tofauti ya mchango na tozo alijua kilichomo mfukoni mwake.

Kipimo cha tafsida ni rahisi, mwalimu aweza kukifundisha kwa dakika tano: neno hili laini lamsitiri nani? Likimsitiri mgonjwa, mfiwa au mnyonge, ni adabu. Likimsitiri mwenye nguvu asiulizwe, tahadhari.

SWALI LILILOFUNGWA MIAKA MITATU

Vitabu vya skuli husema swali la balagha ni swali lisilohitaji jibu, basi. Wanazuoni wa maani hawakutosheka na hivyo. Walisema swali laweza kuulizwa kwa kukanusha, kwa kumfanya mtu akiri, kwa kustaajabu, kwa kuonya, na kwa mengine. Mama akimwuliza mwanawe, "Hii ndiyo saa ya kurudi nyumbani?", hataki kuambiwa saa. Amekanya.

Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika kijitabu cha siasa akakipa jina lililo swali: Kenya: Twendapi? Je, lilikuwa swali la kutaka kujua? La kuonya? La kukanusha kwamba tuko njiani? Wenye mamlaka walilisikia kuwa ni uchochezi. Mwaka 1969 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, akatoka 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani, akiyaandika juu ya karatasi za msalani, yalitoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki, nayo ikapata tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Humo mna shairi la watu wawili wanaogombania mnazi, na msomaji mwenye macho haambiwi tazama: mnazi ule si mti tu.

Nayataja haya kwa sababu wanafunzi wetu huambiwa kwamba tamathali ni mapambo, kama pete na herini. Miaka mitatu haifungwi kwa ajili ya herini. Swali lilikuwa na uzito, na waliolifunga waliuhisi uzito huo kuliko wengi wa wanaolifundisha. Hata kabla yake, Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyefariki mwaka 1840, aliyanena ya siasa za Mvita na Unguja kwa mafumbo, na wa zama zake waliyafumbua, kwa kuwa masikio yalikuwa yamefunzwa.

TUFANYE NINI

La kwanza, mapatano. Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala, KICD, ndiyo yenye kuidhinisha vitabu vya skuli. Haifai iidhinishe vitabu viwili ambavyo kimoja chasema tashtiti ni swali na kingine chasema ni kejeli. Na itolewe orodha moja ya istilahi, kila neno na maana yake, mzizi wake, na maana nyingine zinazojulikana. Tuna Kamusi ya Fasihi ya K. W. Wamitila iliyotoka mwaka 2003. Tuna BAKITA kule Tanzania tangu 1967. Tuna Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar. Watu wa kukaa kitako wapo. Kinachotakiwa ni suluhu, na suluhu ndiyo maana ya istilahi.

La pili, kazi itangulie jina. Mwalimu asianze ubaoni kwa kuandika, "Takriri ni..." Neno takriri na neno kukariri ni ndugu wa tumbo moja, na ni masikitiko kwamba wanafunzi wengi wanachojua juu ya takriri ni kuikariri. Aanze kwa kuwasikizisha: haba na haba hujaza kibaba. Awaulize, masikio yenu yamesikia nini? Kwa nini msemaji hakusema tu kwamba kidogo kidogo hutosha? Wakishaisikia haba ikigonga mara mbili, na ile "ba" ikirudi katika kibaba, wakahisi kijazo kikijaa taratibu, hapo ndipo awape jina. Jina likija baada ya jambo, halisahauliki.

La tatu, mwalimu wa skuli na mwalimu wa darsani wakutane. Katika miji yetu ya Mombasa, Lamu na Malindi, watoto wengi wana walimu hao wawili, na walimu hao hawajuani. Mmoja anafundisha istiari kutoka kitabu kilichopigwa chapa Nairobi, mwingine anafundisha istiara kutoka kitabu kilichopigwa chapa Cairo, na mtoto anapita baina yao akidhani ni elimu mbili. Mkutano wa alasiri moja kwa muhula ungetosha, kwa kahawa na kashata.

La nne ni letu sisi wazee na waandishi. Tamathali si mali ya watahiniwa. Katiba ya 2010 imeweka uchaguzi mkuu kila mwaka wa tano, Jumanne ya pili ya Agosti, na kila msimu huo huja na mavuno yake ya maneno. Tulisikia hasla na dainasti mwaka 2022, watu wa nchi moja wakagawanywa mafungu mawili yanayokinzana, na mamilioni waliokuwa katikati hawakupewa jina. Tuliona wilbaro ikasimama badala ya sera nzima ya uchumi. Tuliona handisheki ya Machi 2018, viganja viwili vikabeba mapatano ambayo undani wake mwananchi hakuupewa. Kila moja katika hizo ina jina lake katika fasihi: ukinzani, ishara, taashira. Msikizi anayeyajua majina hayo hatasusia siasa, lakini atauliza: nani ameachwa nje ya mafungu haya? Nini kimefichwa nyuma ya kiganja hiki?

Beti asili yake ni nyumba, na mizani ni ile ile ya dukani. Wazee waliotupa majina haya walitaka tujue kwamba maneno hukaliwa na maneno hupimwa. Mwuza sukari akikupunja robo kilo utapiga kelele sokoni pote wakusikie. Basi na anayekupunja maana, mpimie mbele yake, na umwonyeshe mshale wa mizani uliposimama.

Wabillahi taufiq.